Kiyoyozi Kisichotaka Kunyamaza



Alunguli ni komine ya mji wa Kindu iliyoko ukingo wa kuume wa mto Lualaba. Komine nyingine mbili za mji huo, Kasuku na Mikelenge, ziko ng'ambo, na huko ndiko viliko kituo cha gari moshi na uwanja wa ndege. Mahali hapo ni kiasi cha nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Mto ni mpana, msitu si mbali, na hewa imejaa mvuke siku nyingi za mwaka. Nguo iliyoanikwa jioni, asubuhi bado ina unyevu. Mtu hulala akitokwa na jasho, naye huamka akitokwa na jasho. Basi si ajabu kwamba mwenye nyumba aliyepata fedha kidogo hutamani kununua kiyoyozi, chombo ambacho wengi katika Kongo hukiita kwa jina lake la Kifaransa, klimatizeri.

Majuma ya kwanza ni furaha tupu. Watoto hulala vizuri, wageni husifu, na mama wa nyumba hufunga mlango ili baridi isitoke. Kisha siku moja watu wa nyumbani hutambua jambo. Zamani chombo kilikuwa kikinguruma kitambo, kikinyamaza kitambo. Sasa kinanguruma tangu jioni hadi alfajiri bila kupumzika. Wengine hufurahi, wakidhani chombo kina bidii. Wengine huogopa, wakakipiga kofi kama redio mbovu. Wote wawili wamekosea. Kiyoyozi kisichokoma kinatoa habari, na yafaa tujue kuisoma habari hiyo kabla haijatula fedha, au kuunguza nyumba, au kutufikisha penye kilio.

Hasara yake ni kiasi gani?

Tuanze na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kiyoyozi cha chumba cha kawaida, kilichoandikwa 12,000 BTU, hutumia karibu kilowati 1 ya umeme wakati mashine yake ya nje inapofanya kazi. Tuseme kinawashwa saa 8 kila usiku. Kikiwa kizima, chumba kikaisha kupoa, mashine ile hupumzika mara kwa mara; ikifanya kazi nusu ya muda, itakula kilowati-saa 4. Isipopumzika kabisa, itakula 8. Tofauti ya usiku mmoja ni 4, na ya mwezi wa siku 30 ni 120.

Palipo na umeme wa waya, tofauti hiyo itaonekana kwenye hesabu ya mwezi. Palipo na jenereta ndogo ya petroli, kila kilowati-saa hula karibu nusu lita ya mafuta, na mara nyingi zaidi. Ni kweli kwamba jenereta hula mafuta hata kiyoyozi kinapopumzika, kwa hiyo hatuwezi kuhesabu lita zote 60 kuwa hasara. Lakini hata tukipunguza, tutabaki na makumi ya lita kila mwezi. Katika nyumba nyingi hizo ni karo ya mtoto mmoja, au dawa, au mtaji wa mama anayeuza sokoni. Na palipo na mitambo ya jua, betri zitakwisha usiku wa manane, na nyumba nzima itabaki gizani kwa sababu ya chumba kimoja.

Kiyoyozi hufanya kazi gani?

Watu wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Sivyo. Hakuna chombo duniani kinachotengeneza baridi. Kiyoyozi huchukua joto lililomo chumbani na kulipeleka nje, kama mtu anayechota maji ndani ya mtumbwi na kuyamwaga mtoni.

Fikirini mtungi wa udongo. Maji hupenya taratibu katika udongo, yakatoka nje, yakawa mvuke. Yanapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Bibi zetu walijua kazi hiyo kabla ya umeme. Kiyoyozi hufanya vivyo hivyo, ila badala ya maji hutumia gesi maalumu iliyofungiwa ndani ya mabomba ya shaba. Katika mabomba ya ndani ya chumba, kimiminiko chake hugeuka mvuke na kuchukua joto la hewa. Kisha mashine iliyo nje, yaani kompresa, huusukuma mvuke ule kwa nguvu hata uwe wa moto. Katika mabomba ya nje, feni huupepea, nao hutoa joto lake kwa hewa ya nje, ukarudi kuwa kimiminiko. Halafu safari huanza tena. Gesi ile ile huzunguka miaka na miaka.

Chombo hiki kina historia. Daktari mmoja wa Marekani, John Gorrie, aliyefanya kazi katika mji wa Apalachicola huko Florida, alitaka kuvipoza vyumba vya wagonjwa wa homa, naye mwaka 1851 akapewa hati ya serikali kwa mashine yake ya kutengeneza barafu. Wakati ule watu walidhani malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Habari ya mbu ilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Halafu mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, aliitwa kusaidia kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, katika mji wa New York. Shida yao ilikuwa unyevu. Karatasi zilivimba na kunywea, hata rangi moja haikukaa sawasawa juu ya nyingine. Carrier akatengeneza mashine ya kukausha hewa kwa kuipoza. Kwa hiyo kiyoyozi cha kwanza cha namna ya leo kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Tukumbuke neno hilo la unyevu, maana litatufaa tutakaporudi Alunguli.

Aliyeshindwa kazi na asiyesikia amri

Ndani ya kiyoyozi mna termostati. Hiyo ndiyo inayopokea amri yako. Ukisema nyuzi 26, nayo hupima hewa ya chumba. Hewa ikifika 26, huiambia kompresa ipumzike. Joto likipanda kidogo, huiamsha tena.

Basi, kiyoyozi kisichokoma ni mfano wa mtumishi asiyerudi kutoka shambani. Pengine hajarudi kwa sababu shamba ni kubwa mno, au jembe lake ni butu, wala hajamaliza kazi aliyopewa. Pengine kazi imekwisha, lakini hasikii anapoitwa. Magonjwa haya mawili yanafanana kwa nje, lakini dawa zake ni mbalimbali. Mwenye nyumba asiyeyapambanua atabadilisha kifaa kizima na kuacha kibovu. Tena ikiwa fundi anakaa ng'ambo, kila kosa ni safari nyingine ya kuvuka mto.

Kabla ya yote, tujue ni mambo gani si ugonjwa. Kwanza, katika viyoyozi vya kawaida feni ya ndani huendelea kupuliza hata kompresa ikiwa imelala. Kwa hiyo usisikilize ndani. Nenda ukasikilize mashine ya nje. Pili, viyoyozi vingine hupuliza dakika chache baada ya kuzimwa, ili kukausha mabomba yasiote ukungu. Tatu, viyoyozi vya kisasa vilivyoandikwa neno inverter vimeundwa visisimame mara kwa mara, bali vipunguze mwendo. Hivyo huzunguka polepole usiku kucha na kula umeme kidogo. Mwenye chombo cha namna hiyo asihangaike akikisikia kinavuma taratibu. Ahangaike kikinguruma kwa nguvu zote usiku kucha.

Maswali matatu

Sasa tafuta kipimajoto cha kawaida, kalamu na karatasi. Uulize chombo maswali matatu kwa utaratibu.

Swali la kwanza: Nikikizima, kinazimika? Bonyeza kitufe cha kuzima, ngoja dakika 5, kisha nenda nje. Ikiwa mashine ya nje bado inanguruma, amri haifiki. Zima mara moja kwenye swichi kuu ya ukutani, wala usiiwashe tena mpaka fundi afike. Baadaye tutaeleza sababu.

Swali la pili: Nikitoa amri nyepesi, kinatii? Ikiwa kipimajoto kinaonyesha chumba kina nyuzi 27, weka amri ya nyuzi 30. Kazi imekwisha kabla ya kuanza, kwa hiyo kompresa haina budi kusimama baada ya dakika chache. Ikisimama, termostati inasikia vizuri. Shida yako ni ya mtumishi aliyeshindwa kazi. Isiposimama, termostati yenyewe au kipimajoto chake kidogo kina kasoro.

Swali la tatu: Hewa inapoa kiasi gani? Rudisha amri ya kawaida, acha kifanye kazi dakika 15. Pima hewa inayoingia katika kiyoyozi, kisha pima hewa inayotoka. Tofauti ikiwa kama nyuzi 8 hadi 12, mashine ina nguvu zake, na kosa liko katika nyumba au katika amri. Tofauti ikiwa ndogo sana, tuseme nyuzi 3 au 4, mashine yenyewe ni dhaifu.

Angalia neno moja: ukikizima kiyoyozi, usikiwashe kabla ya dakika 3 au zaidi. Kompresa ikilazimishwa kuanza wakati gesi bado inasukuma kwa nguvu upande mmoja, huvuta umeme mwingi na kuumia.

Ikiwa kosa ni la nyumba

Mara nyingi kosa ni hilo, nalo ndilo watu wasilopenda kusikia. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupokea jua la mchana kutwa, na joto lile hushuka chumbani hata baada ya machweo. Madirisha ya vioo vya kupangwa hayafungiki kabisa. Chini ya mlango mna nafasi ya kupita panya. Watu sita wameketi chumbani, na kila mmoja hutoa joto la karibu wati 100. Pengine jiko la makaa limeletwa mlangoni. Kiyoyozi cha chumba kimoja kitawezaje kushinda yote hayo?

Hapo ndipo unyevu wa Carrier unaporudi. Hewa ya bonde la Lualaba ina mvuke mwingi. Kabla ya kushusha joto vizuri, kiyoyozi hulazimika kwanza kuugeuza mvuke ule kuwa maji. Ndiyo maana bomba lake hutiririsha maji nje, lita nyingi kwa usiku mmoja. Kila mlango unapofunguliwa, mvuke mpya huingia, na kazi huanza upya. Kwa hiyo kitambaa cha kuziba chini ya mlango chaweza kuokoa mafuta kuliko kiyoyozi kipya. Dari ya mbao au hata ya mikeka, pazia zito upande wa magharibi, na mti wa kivuli nje ya ukuta, vyote ni vifaa vya ubaridi ingawa havina waya.

Amri nayo yaweza kuwa ya kupita kiasi. Watu wengi huweka nyuzi 16 wakidhani chumba kitapoa haraka zaidi. Hakipoi haraka zaidi. Kiyoyozi cha kawaida hupoza kwa mwendo ule ule. Nyuzi 16 ni kumwambia tu asisimame mpaka afike mahali asipoweza kufika. Weka 25 au 26, na feni ndogo ikipepea. Mwili utaona raha, na chombo kitapata nafasi ya kupumzika.

Ikiwa mashine ni dhaifu

Anza na lile la bure. Fungua kifuniko cha mbele, utoe machujio, nayo ni nyavu nyembamba za kuzuia vumbi. Yaoshe kwa maji na sabuni kidogo, yakauke kivulini, kisha yarudishe. Fanya hivyo kila mwezi, na wakati wa vumbi kila majuma mawili. Kazi hii mtoto wa shule aweza kuifanya, mradi swichi kuu imezimwa. Kisha tazama mashine ya nje. Je, imezungukwa na majani, magunia, au imefungiwa katika kipembe kisichopitisha hewa? Joto lililotolewa chumbani likikosa pa kwenda, litabaki palepale, na kompresa itahangaika bure.

Ukiona barafu juu ya mabomba, usifurahi ukidhani baridi imezidi. Barafu huziba njia ya hewa, kwa hiyo chumba hakipoi, na kwa kuwa hakipoi, mashine haisimami, na barafu huzidi. Zima ubaridi, acha feni peke yake ipulize hata barafu iyeyuke yote. Usiichokoe kwa kisu, maana mabomba ni membamba, na tundu moja la sindano litaitoa gesi yote. Barafu ikirudi baada ya kusafisha machujio, huenda gesi imepungua.

Hapa tusikilize mazungumzo yanayosikika katika miji mingi.

«Mzee, gesi imekwisha. Nitaongeza, na mambo yatakuwa sawa.»

«Lakini fundi, mwaka jana uliongeza. Ile imekwenda wapi?»

«Gesi huliwa, mzee, kama petroli katika pikipiki.»

«Nami naona mabomba yamefungwa pande zote. Imeliwa na nani?»

Mzee huyo ameuliza vizuri. Gesi ya kiyoyozi hailiwi. Imefungiwa, nayo huzunguka tu. Ikipungua, kuna mahali inapovuja, na mara nyingi pana alama ya mafuta mafuta kwenye kiungo cha bomba. Fundi mwaminifu hutafuta tundu kwa povu la sabuni, huliziba, huondoa hewa na unyevu ndani ya mabomba kwa pampu, ndipo ajaze gesi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine. Anayeongeza kila mwaka bila kutafuta tundu anauza maji ya mtungi uliotoboka.

Tena gesi si za namna moja. Viyoyozi vingi vya zamani vina R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zimepangiwa karibu kuiacha kabisa ifikapo 2030. Nyingine, kama R410A, haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, katika Rwanda jirani, mwezi wa Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Nyingine tena, kama R290, ni propani, nayo hushika moto kama gesi ya kupikia. Kwa hiyo fundi asichanganye gesi, wala asiitoe ovyo hewani, wala asivute sigara akiwa kazini.

Ikiwa amri haisikiki

Sasa tuje kwa asiyesikia. Katika viyoyozi vya dirishani termostati hupima kwa mrija mwembamba wenye kichwa kidogo kilichowekwa mbele ya mabomba ya baridi. Kikichomoka mahali pake na kuegemea upande wa joto, kitadhani chumba bado ni cha moto. Dawa yake ni kukirudisha. Katika viyoyozi vya vipande viwili kipimajoto ni punje ndogo iliyo mwisho wa waya. Unyevu ukiipenya, huweza kutoa habari za uongo na kusema kuna joto kuliko lilivyo. Bei yake si kubwa kulinganisha na bei ya kiyoyozi, na fundi mwenye chombo cha kupimia umeme huijua kasoro hiyo kwa dakika chache. Panya pia ni adui: wakiguguna waya hata shaba mbili zikagusana, chombo kinaweza kudhani kimepewa amri ya kufanya kazi daima.

Lakini kasoro ya hatari zaidi ni ile ya swali la kwanza, yaani mashine ya nje kukataa kuzimika. Ndani yake mna swichi ivutwayo kwa sumaku, inayounganisha na kuachanisha umeme wa kompresa. Umeme wa kwetu waitwa wa volti 220. Ukishuka sana, kama ilivyo jenereta inapozidiwa na mzigo, sumaku ile hukosa nguvu ya kushika barabara. Hushika na kuachia, hushika na kuachia, ikilia kama nyuki. Kila mara cheche huruka, na mwisho vyuma viwili huyeyuka vikashikamana. Tangu hapo unaweza kubonyeza rimoti mpaka kidole kiume; umeme unapita tu. Feni ya ndani imezimika, kompresa inaendelea, mabomba yanaganda, na kimiminiko kisichopata joto hurudi katika kompresa na kuivunja. Kompresa ndiyo moyo wa chombo. Ikifa, wengi hununua kingine. Swichi ile ingeweza kubadilishwa kwa gharama ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kinga yake ni kutokiwasha kiyoyozi kwenye jenereta isiyokiweza. Kompresa ya kawaida inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa katika mwendo. Taa zikififia kila inapoanza, hiyo ni dalili. Stabilaiza, yaani chombo cha kusawazisha umeme, husaidia, lakini haiwezi kuipa jenereta dhaifu nguvu isizokuwa nazo.

Mambo yasiyofaa kamwe

Baba na mama wa nyumba, yashikeni haya. Swichi kuu ikijizima, msiifunge kwa waya wala msitie msumari mahali pa fyuzi. Imejizima ili nyumba isiungue. Kiyoyozi kipewe waya wake peke yake, mnene wa kutosha, wala kisichomekwe pamoja na pasi na jokofu katika kichomekeo kimoja. Mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, zimeni kwanza kwenye swichi kuu. Msimwage maji juu ya vitu vyenye umeme. Msifungue mashine ya nje kwa udadisi: ndani yake mna kapasita, kikopo kinachoweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa.

Na hili ni kubwa kuliko yote. Kwa sababu kiyoyozi kinataka madirisha yafungwe, na jenereta inaogopewa wezi na mvua, wako wanaoiingiza jenereta ndani ya nyumba au barazani. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Hulevya watu usingizini, wasiamke tena. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Afadhali iibwe jenereta kuliko kuibwa uhai wa watoto.

Jokofu la chanjo

Kiyoyozi kina ndugu yake katika vituo vya afya, nalo ni jokofu la chanjo. Zamani misheni na zahanati nyingi za Afrika zilitumia majokofu ya mafuta ya taa, ambayo yalitokana na kazi ya wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliobuni jokofu lisilo na kompresa mwaka 1922. Siku hizi mengi ni ya umeme wa jua. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wote huogopa joto, lakini jokofu lisilokoma nalo lina hatari yake. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, na ile ya magonjwa matano kwa pamoja huharibika zikiganda, wala zikiyeyuka hazirudi kuwa nzima. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani na kadi iliyojazwa, kumbe mwili haukupata kinga. Ndiyo maana muuguzi husoma kipimajoto mara mbili kila siku na kuandika. Anayemwona akiandika tarakimu zile asidhani ni kazi ya karatasi tu.

Kwa wanafunzi

Ninyi mlio shuleni, mwaweza kuwasaidia wazazi bila kugusa waya hata mmoja. Nyumba ikiwa na kiyoyozi, andikeni kwa usiku mmoja: saa ngapi mashine ya nje ilianza, saa ngapi ilinyamaza, na kipimajoto kilisema nini. Msiokuwa na kiyoyozi, chukueni mitungi miwili, mmoja wa udongo na mmoja wa plastiki, mkaijaze maji ya mto na kuiweka kivulini penye upepo tangu asubuhi hata adhuhuri. Pimeni yote miwili. Rudieni jaribio hilo siku ya mvua, na tena siku ya kiangazi, mkalinganishe. Mtaona kwa macho yenu kwamba hewa iliyojaa mvuke huunyima mtungi kazi yake, na mtaelewa kwa nini kiyoyozi cha Alunguli huchoka kuliko cha nchi kavu. Fundi atakapofika, mpeni karatasi yenu kabla hajafungua sanduku lake la vyombo. Fundi mwema ataisoma kwanza.